Wanaotulipia Bei Nafuu

Msikilizaji, kuna wakati Kisumu ilijivunia kiwanda cha nguo cha KICOMI, Eldoret ikajivunia Rivatex, na mkulima wa pamba kule Nyanza na Magharibi akawa na mnunuzi humu humu nchini. Miaka ya tisini ilipoingia, serikali ililegeza masharti ya uagizaji. Mitumba ikamiminika, na vitambaa vya bei ya chini kutoka ng'ambo vikafuata. KICOMI ilifungwa. Rivatex, iliyoanzishwa mwaka 1976, ilikabidhiwa meneja mrasimu mwaka 1998, na baadaye ikakaa kimya hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007.

Bidhaa za nje hazikuwa sababu pekee. Mitambo ilichakaa, umeme ulikuwa ghali, na usimamizi ulikuwa na kasoro zake. Wala simlaumu mama anayeuza mitumba Gikomba au Kongowea, kwani biashara hiyo inasomesha watoto wake na kutuvisha mamilioni ya Wakenya kwa bei tunayoiweza. Ninalolisema ni hili: faida ya soko huria tuliigawana wote, kila mmoja akaokoa shilingi kadhaa kwa shati. Hasara iliwaangukia wachache, na kila mmoja wao alipoteza mshahara mzima. Mtu aliyefuma vitambaa tangu ujana wake hakukosea chochote. Taifa ndilo lililoamua kufungua mlango, na yeye ndiye aliyelipa. Hilo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Sheria yetu inasemaje? Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja, kisha amlipe kila mmoja ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Aliyefanya kazi miaka 12 anaondoka na ujira wa siku 180. Na hapo ni iwapo mwajiri ana pesa. Kiwanda kilichofilisika kinamwacha mfanyakazi kwenye foleni ya wadai. Tena sheria hiyo haimfunzi mtu kazi mpya, wala haimuulizi kesho atakula nini.

Marekani ililiona deni hili mapema. Mwaka 1962, chini ya Rais John F. Kennedy, ilitunga sheria ya kuwasaidia wanaopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Baadaye utaratibu ukawa kwamba wafanyakazi watatu tu wa kiwanda waliweza kupeleka ombi, na Wizara ya Kazi ikachunguza kama kweli bidhaa za nje zilichangia. Wakikubaliwa, walilipiwa masomo ya ufundi mpya na kupewa posho ya kila wiki wakiwa darasani. Mwenye miaka 50 au zaidi aliyekubali kazi ya mshahara mdogo aliweza kufidiwa nusu ya tofauti, kwa muda na kwa kiwango maalumu.

Lakini tusiige bila kutazama. Masharti ya mwanzo yalikuwa magumu kiasi kwamba miaka ya kwanza ilipita bila mfanyakazi hata mmoja kukubaliwa, na ilibidi sheria ilegezwe mwaka 1974. Halafu mpango wenyewe ulikuwa na tarehe ya mwisho. Bunge la Marekani halikuuongezea muda, na tangu Julai 2022 maombi mapya hayaidhinishwi. Basi mafunzo ni mawili: ushahidi usiwe mzigo wa kumshinda mfanyakazi, na haki yake isiwe kitu cha kuombewa upya kila baada ya miaka michache.

Mtauliza, pesa za mpango kama huo hapa Kenya zitoke wapi? Tangu mwaka 2013 Kenya inatoza bidhaa zinazoingia nchini ushuru wa kujenga reli. Ikiwa kontena linaloteremshwa Mombasa linaweza kuchangia reli, linaweza pia kuchangia yule ambaye kazi yake imeondolewa na kilichomo ndani ya kontena hilo. Mafunzo nayo yana pa kuanzia: waajiri tayari hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, na vyuo vya ufundi tunavyo karibu kila kaunti.

Jambo hili halingoji. Biashara chini ya Eneo Huru la Biashara Barani Afrika ilianza Januari 2021, na nchi wanachama zimekubaliana kuondoa hatua kwa hatua ushuru kwenye asilimia 90 ya aina za bidhaa. Ninaiunga mkono safari hiyo, kwa kuwa Afrika inahitaji kufanya biashara na Afrika. Ila kila ushuru unaoondolewa una kiwanda fulani nyuma yake, na kiwanda kina watu.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu, vyama vya wafanyakazi na Wizara ya Leba: undeni hazina ya kuwasaidia wafanyakazi hawa kwa sheria ya kudumu, sasa, viwanda vikiwa bado vinafanya kazi. Mfanyakazi aingie soko huria akijua kwamba likimtupa nje, nchi iliyonufaika itamlipia karo ya ufundi mpya na kuilisha familia yake hadi apate kazi nyingine. Hiyo ni haki yake, na asiipate kama sadaka.