Mtumbwi Hauzami kwa Kosa la Mtu Mmoja



Mazungumzo haya niliyatoa kwa wavuvi na wakwea michikichi waliojiandikisha kurudi nyumbani, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac. Siku hiyo wengi wenu mlikuwa kwenye foleni ya mgao, ndiyo maana tunayachapa hapa.

Naanza na swali. Mtumbwi ukirudi mwaloni umepungukiwa mtu, wanaofika kwanza huuliza nini? Mnalijua: nani amekosea? Na jibu halikawii. Nahodha alisinzia. Kijana wa taa hakuijua kazi. Alikuwa amekunywa. Wengine husema ni mkono wa jirani mwenye wivu. Jina likishapatikana watu huzika, na kesho yake jioni mitumbwi ile ile huingia ziwani na taa zile zile na watu wenye usingizi ule ule.

Msidhani ni sisi tu. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko kikubwa cha Waingereza, Herald of Free Enterprise, kiliondoka bandari ya Zeebrugge huko Ubelgiji milango ya mbele ya kuingizia magari ikiwa wazi. Maji yakaingia, kikapinduka dakika chache tu baada ya kutoka bandarini, watu 193 wakafa. Mtu aliyepaswa kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Basi kesi imekwisha, si ndiyo?

Tume ya Jaji Sheen haikuishia hapo. Ilikuta kwamba nahodha, pale anapoongozea chombo, hakuwa na njia yoyote ya kuona kama milango imefungwa. Utaratibu wa kampuni ulimtaka aamini kwamba mambo yako sawa ikiwa hakuna aliyemletea habari mbaya. Manahodha walikwisha kuomba iwekwe taa ya kuwaonyesha, na wakubwa wa ofisini wakalidharau ombi lao. Tena kulikuwa na haraka ya kuondoka. Na mwaka 1983 meli dada yake ilikwisha kutoka Dover milango wazi, kwa sababu hiyo hiyo ya mtu kulala, ikasalimika. Zaidi ya miaka mitatu ya kuonywa bure!

Mwaka 1990 Mwingereza James Reason, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Manchester, aliandika kitabu kuhusu makosa ya binadamu. Alieleza kwamba kosa la mtu wa mwisho hupita kwa sababu kinga zilizowekwa mbele yake zote zilikuwa na matundu. Wanafunzi wa kazi yake huchora vipande vya jibini vilivyotoboka. Jibini hatuna, sisi tutumie nyavu kuukuu. Tundika nyavu tano moja nyuma ya nyingine: ndagala atapenya zote siku ile tu matundu yatakapokutana mahali pamoja. Ukimlaumu ndagala, nyavu zinabaki na matundu yake.

Sasa tuzihesabu nyavu za kwetu. Ndagala hufuata taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiangaza watu hupumzika. Kwa hiyo siku za giza ni chache na tajiri mwenye mtumbwi hataki kupoteza hata moja. Malipo nayo: mauzo hutolewa kwanza gharama za mafuta, kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi. Usiku wa kurudi mtupu ni deni kwa wote. Upepo wa kusini wa kiangazi ukianza, nani atasema turudi? Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670, upepo una nafasi ya kutosha kuyakusanya mawimbi kabla hayajakufikia. Anayesema turudi anawanyima wenzake chakula cha watoto. Tundu hilo halikutobolewa na nahodha.

Nataka nikae kidogo kwenye usingizi, maana hapo tunadanganyana sana. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walipima watu waliokaa macho kwa muda mrefu. Baada ya saa 17 bila kulala, mtu alifanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva kukivuka. Akifika saa 24, alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Mchukue kijana wa Rumonge aliyeamka saa 12 asubuhi, akaenda shamba, akarudi kushona nyavu, saa 10 jioni akashusha mtumbwi. Saa 5 usiku saa 17 zimetimia. Kazi nzito ya kuvuta wavu bado inamngoja hadi alfajiri. Mnaposema alikuwa amekunywa, huenda hakuonja hata tone.

Mliopita Kagunga mwezi Mei 2015 mnaikumbuka meli Liemba. Hapakuwa na gati, mitumbwi ikatupeleka kidogo kidogo hadi ilipotia nanga, kazi ya saa nyingi. Ilibeba watu wapatao 600 kwa safari, na ufukweni makumi ya maelfu wakingoja. Watu walilia kwa kuachwa. Na kuachwa kulikuwa na gharama, kwa sababu kipindupindu kiliua watu wapatao 30 katika siku zile. Lakini linganisheni na MV Nyerere kule Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018: kivuko cha kubeba watu 101 kilipinduka kikiwa kimejaa kupita kiasi, wakafa 228. Kupima hatari ndiko huko. Unachagua kati ya mabaya mawili, na ni heri uchague mchana, kabla watu hawajaanza kusukumana.

Mzee mmoja aliniuliza: “Mwanangu, kama hakuna mwenye kosa, mlevi naye tumwache?” Hapana, mzee. Reason mwenyewe hakusema hivyo. Kipo kipimo kizuri: mweke mvuvi mwingine hodari mahali pale pale, kwa usingizi ule, taa ile, deni lile. Kama naye angefanya vilevile, kumfukuza yule wa kwanza hakusaidii kitu. Kama asingefanya, hapo mwenye kosa ajibu.

Kilichobaki ni kusemezana. Nchini Marekani, tangu 1976, rubani aliyeponea chupuchupu huiandikia NASA, ambayo si polisi wala si mwajiri wake. Jina lake hufutwa, kisa chake huweza kusomwa na marubani wengine. Mwaloni kwetu kijana akieleza kwamba jana karabai ilimwangukia karibu na dumu la mafuta, kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Kwa hiyo ananyamaza. Pendekezo langu ni hili: mkifika kwenu, mchagueni mtu mmoja asiye na mtumbwi wala deni kwa tajiri yeyote, aliyewahi kuvua, awe anasikiliza visa hivyo asubuhi na kuvieleza mwaloni bila majina. Matajiri watanung'unika mwanzoni. Mwanzo wa mazungumzo uwe na tajiri mmoja wao, anayekubalika, akieleza usiku aliotaka kurudi asirudi.

Wakwea michikichi sikuwafikia, muda ulikwisha. Juma lijalo tutakutana nao, pamoja na akina mama wa kuchemsha chikichi na kukamua mawese. Mapipa ya moto, mikono karibu na mashine, watoto wanaookota chikichi chini ya mti wakati baba yuko juu na panga: njooni na visa vyenu, hasa vile ambavyo hakuna aliyeumia.