Nyimbo za Chumbani katika Siku za Kuwakumbuka Waliolala

(Maneno yaliyosomwa jioni ya ukumbusho, katika juma la Jubilei ya miaka mia moja ya usharika, kabla ya kuimbwa Nyimbo Nne za Johannes Brahms)



Jubilei ya usharika ina sauti zake kubwa. Zipo tarumbeta zinazowaamsha watu kabla ya jua kuchomoza, zipo kwaya za mitaa yote zinazopokezana tangu asubuhi hadi watoto walale migongoni mwa mama zao, na upo umati unaoimba kutoka Mwimbieni Bwana hata mabati ya kanisa yakatetemeka. Hayo yote ni mema na yana mahali pake. Jioni hii ni ya namna nyingine. Yupo mwimbaji mmoja na mpiga piano mmoja, na wapo watu wachache walioketi karibu kiasi cha kusikia pumzi ya anayeimba. Kipaza sauti hakipo.

Wajerumani huuita wimbo wa namna hii Lied, na zikiwa nyingi huitwa Lieder. Mtunzi wa muziki huchukua shairi, au mara chache fungu la Maandiko, akalivika sauti ya mtu mmoja pamoja na piano. Hapo piano haifanyi kazi ya kumsindikiza mwimbaji tu. Mara nyingi ndiyo inayosema jambo ambalo maneno yameshindwa kulisema, na mwimbaji anaponyamaza yenyewe huendelea. Wimbo wa kanisa huimbwa na wote. Huu husikilizwa, na tangu mwanzo makao yake yalikuwa sebule ya mtu.

Mji wa Vienna ndio ulioikuza desturi hiyo. Mwaka 1821 marafiki wa Franz Schubert walikuwa wakikusanyika nyumbani kwa mmoja wao kusikiliza nyimbo zake mpya, na mikutano hiyo ikapewa jina lake, Schubertiade. Katika maisha yake yote Schubert alifanya onyesho moja tu la hadhara lenye kazi zake mwenyewe. Siku iliyochaguliwa ilikuwa tarehe 26 Machi 1828, yaani mwaka mmoja kamili tangu kifo cha Beethoven, mtu ambaye Schubert alikuwa miongoni mwa waliobeba mienge katika mazishi yake. Magazeti hayakulijali sana, kwa kuwa siku hizo hizo mpiga fidla Paganini alikuwa ameingia mjini na watu hawakuwa na habari nyingine. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 19 Novemba, Schubert naye alifariki akiwa na umri wa miaka 31. Januari 1829 mwalimu wa uimbaji, Bibi Anna Fröhlich, aliandaa onyesho ili fedha zitakazopatikana zisaidie kuweka jiwe juu ya kaburi lake. Inaonekana basi kwamba nyimbo hizi zilizoea mapema kutembea pamoja na wafu.

Majira ya sikukuu nayo yana nyimbo zake. Peter Cornelius aliandika nyimbo za Krismasi mwaka 1856, na mmoja wao unahusu Mamajusi. Mwimbaji anasimulia safari yao, na chini yake piano inapiga polepole tuni ya Nyota ya Asubuhi, wimbo wa mchungaji wa Kilutheri Philipp Nicolai uliochapishwa mwaka 1599. Shauri la kuiweka tuni hiyo hapo lilitoka kwa Franz Liszt, na lilikuwa shauri la busara. Nicolai alikuwa mchungaji wa Unna, katika nchi ya Westfalia, wakati tauni ilipoukumba mji huo, na siku baada ya siku alikuwa akizika. Wimbo wake wa furaha ulitoka katikati ya makaburi hayo. Msikilizaji anayelijua jambo hilo husikia mengi zaidi katika dakika mbili tatu za Mamajusi.

Lakini nyimbo za jioni hii ni za Brahms, na hizo zinahitaji kuelezwa kwa utulivu zaidi.

Johannes Brahms alizaliwa Hamburg tarehe 7 Mei 1833. Alibatizwa na kulelewa Mlutheri, akakaa miaka mingi Vienna, mji wa Wakatoliki, na hakuoa. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini, mwaka 1853, alipokewa nyumbani kwa Robert na Clara Schumann. Muda mfupi baadaye Robert aliugua akili, akafariki mwaka 1856, akimwacha Clara na watoto wengi. Brahms alibaki rafiki wa nyumba hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini. Watu wameandika mengi juu ya mapenzi yaliyokuwapo au yasiyokuwapo kati yake na Clara, na mengi ya hayo ni udaku uliovishwa koti la elimu. Yatosha kusema kwamba hakuna mtu aliyekuwa wa karibu zaidi naye.

Mwezi Machi 1896 Clara alipatwa na kiharusi. Brahms alielewa maana yake. Mwezi wa Mei, karibu na siku yake ya kuzaliwa, alipokuwa akitimiza miaka 63, alimaliza nyimbo nne kwa sauti ya besi na piano, akaziita kwa jina linaloweza kufasiriwa Nyimbo Nne Nzito. Tarehe 20 Mei Clara akafariki, akiwa na umri wa miaka 76. Brahms alikuwa mbali, katika mji wa Ischl huko Austria. Alipanda treni usiku, akapitwa na kituo alichopaswa kubadilisha, akazunguka reli za Ujerumani kwa muda wa saa arobaini hivi. Ibada ya Frankfurt ilimpita. Alifika Bonn kwa maziko tu, Clara alipowekwa kando ya mumewe. Ilikuwa tarehe 24 Mei, na katika kalenda ya Kanisa mwaka huo siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Pentekoste.

Kila mtu wa nchi hii anaijua saa inayofuata maziko. Watu wametoka makaburini, udongo ungali kwenye viatu, wamerudi nyumbani na kuketi, na hakuna anayejua aseme nini. Kwa desturi ya kwetu mtu mmoja huanzisha wimbo. Baada ya maziko ya Bonn, Brahms alikwenda pamoja na marafiki wachache kwenye nyumba moja karibu na Honnef, ng'ambo ya mto Rhine, ambako kila Pentekoste wapenzi wa muziki walikuwa wakikutana. Huko ndiko alikoutoa mswada wa nyimbo hizi, akaketi kwenye piano akazipiga na kuziimba mwenyewe kwa sauti yake ya ukwaru. Hakuwa mwimbaji. Mmoja wa waliokuwapo, mwanasheria Gustav Ophüls, aliandika baadaye habari za siku hizo. Onyesho la hadhara lilifanyika Vienna mwezi Novemba, kwa mwimbaji Anton Sistermans, lakini kwa kweli nyimbo hizi zilikwisha kuzaliwa sebuleni, mbele ya watu waliotoka kuzika.

Na nyimbo zenyewe zinasema nini? Maneno yote ni ya Biblia, katika tafsiri ya Martin Luther. Wa kwanza umetoka Mhubiri sura ya 3, pale ambapo mwenye hekima anasema kwamba mwanadamu na mnyama wana mwisho mmoja, na hakuna ajuaye roho ya yupi hupanda juu. Wa pili ni Mhubiri sura ya 4: machozi ya walioonewa ambao hawana wa kuwafariji, hata waliokufa wakaonekana kuwa na heri kuliko walio hai. Wa tatu umetoka Yoshua bin Sira sura ya 41. Kitabu hicho hakimo katika Union Version ambayo Walutheri wengi wa Tanzania wameizoea, ingawa Luther alikitafsiri na kukiweka kati ya Maagano mawili, kama kitabu kisicholingana na Maandiko Matakatifu lakini chenye kufaa kusomwa. Hapo kifo kinaambiwa kwamba ni kichungu kwa mtu mwenye afya na mali, na chema kwa aliyedhoofika. Linapofika neno hilo la pili, muziki unabadilika kutoka huzuni ya "maina" na kuingia katika "meja". Mwanakwaya yeyote atausikia mlango ukifunguka bila kuambiwa. Wa nne ni Wakorintho wa Kwanza sura ya 13, juu ya upendo.

Hapa ndipo mzee wa kanisa mwenye bidii ana haki ya kuinua mkono. Mbona jina la Yesu halimo? Mbona ufufuo hautajwi? Je, ni halali kwa usharika unaoadhimisha miaka mia moja ya Injili kuwakumbuka waliolala kwa maneno ya Mhubiri aliyekata tamaa?

Swali hilo ni la zamani. Brahms aliulizwa mwaka 1867, juu ya kazi yake kubwa iitwayo Requiem ya Kijerumani, ambayo nayo imejengwa kwa mafungu ya Biblia ya Luther. Karl Reinthaler, mpiga kinanda wa Kanisa Kuu la Bremen, alimwandikia kwamba kazi hiyo inakosa jambo ambalo imani yote ya Kikristo imelielekea, yaani kifo cha Kristo chenye kukomboa. Brahms hakukubali kuongeza neno. Kazi ilipoimbwa Bremen siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1868, Amalie Joachim aliimba pia wimbo wa Handel juu ya Mkombozi aliye hai. Pengo lilizibwa kwa mali ya mtu mwingine. Reinthaler alikuwa na hoja, na haifai kumcheka kama wafanyavyo waandishi wengine wa muziki.

Hata hivyo jibu halina budi kutofautisha mambo mawili. Maziko ya Mkristo ni ibada ya Kanisa, na pale kaburini Injili ya ufufuo lazima itangazwe wazi. Nyimbo Nne za Brahms haziwezi kushika nafasi hiyo, na anayeziweka hapo anawanyang'anya wafiwa haki yao. Jioni ya ukumbusho ni jambo jingine. Mhubiri yumo ndani ya Biblia kabla Brahms hajamsoma. Kanisa lilimhifadhi, wala halikumfuta, na kwa hiyo kilio chake ni mali ya Kanisa.

Tena uzoefu wa uchungaji una ushuhuda wake. Misibani mfiwa huambiwa haraka mno ajikaze, asilie, yote ni mapenzi ya Mungu. Mama aliyempoteza mwana bado hajatoa pumzi ya kwanza ya kilio, tayari ameimbiwa wimbo wa furaha ya mbinguni. Maneno ni ya kweli, ila yamefika kabla ya wakati, na mara nyingi wanaoyasema wanajifariji wenyewe. Baada ya matanga kuanuliwa na wageni kuondoka, maswali ya Mhubiri humrudia usiku, naye hudhani ni dhambi kuyauliza. Katika miaka mia moja usharika umezika watu wengi: watoto waliokufa kwa surua, akina mama waliofia uzazi, vijana waliochukuliwa na ukimwi katika miaka ambayo jina la ugonjwa huo halikutajwa hata mimbarini. Wapo waliozikwa kwa haraka na kwa aibu. Kwa ajili ya hao na ndugu zao, si vibaya Mhubiri akapewa dakika kumi na tano bila kukatizwa.

Kisha unakuja wimbo wa nne. Brahms ameuchagua kwa ukali. Anachukua mistari mitatu ya kwanza ya sura ya 13, anaruka ile inayoeleza sifa za upendo, ambayo husomwa katika kila arusi, na kushuka moja kwa moja kwenye mstari wa 12 na wa 13: kuona kwa kioo, na yale matatu yanayobaki. Muziki hapo unapungua mwendo. Katika nyimbo zote nne, hapa tu ndipo mtu anaposubiri kuona uso kwa uso. Mwenye imani atajua ni uso wa nani, hata kama mtunzi hakuandika.

Mwezi Julai Brahms alimpelekea Marie, binti mkubwa wa Clara, nakala iliyochapishwa. Alimweleza kwamba kwa sasa asingeweza kuzipiga, maana maneno yangemgusa mno, ila azipokee kama sadaka ya maombolezo kwa mama yake. Yeye mwenyewe alifariki Vienna tarehe 3 Aprili 1897.

Yapo machache ya kuzingatia kabla ya kuanza. Nyimbo zote nne huchukua karibu dakika ishirini, nazo huimbwa mfululizo. Kwa hiyo makofi yasubiri hadi mwisho, na kukohoa kusubiri nafasi kati ya wimbo na wimbo. Ingawa ziliandikwa kwa besi, wanawake wenye sauti nzito wameziimba vizuri pia, na Mwingereza Kathleen Ferrier alizirekodi kwa namna ambayo bado haijapitwa. Malcolm Sargent alimwandalia pia okestra, lakini okestra huzitoa nyimbo hizi sebuleni, nazo hupotea njia. Zitaimbwa kwa Kijerumani, kwa kuwa silabi za Luther ndizo zilizoamua kila noti. Kiswahili kimechapwa kwenye karatasi, na Yoshua bin Sira amepigwa chapa kamili kwa ajili ya wasio naye nyumbani. Taa zitabaki zinawaka ili kila mtu aweze kusoma. Majina ya waliolala yatasomwa na wazee wa kanisa kabla ya wimbo wa kwanza, mtaa kwa mtaa, na mpiga piano atangoja mpaka jina la mwisho lisomwe ndipo aguse piano.