Gombo la Pili

Asubuhi hii ya Jumapili napenda tuitafakari habari ya watu wawili na kitabu kimoja. Mmoja ni nabii Yeremia; wa pili ni Baruku, mwandishi wake. Habari hiyo imo katika Kitabu cha Yeremia, sura ya 36. Nawaombeni mwisome wenyewe mkipata nafasi, kwa kuwa hapa nitaisimulia kwa maneno yangu.

Ulikuwa mwaka wa nne wa enzi ya Yehoyakimu, mfalme wa Yuda. Yeremia alikuwa amekwisha kuhubiri kwa muda wa miaka 23, akaamriwa ayatie maneno yake yote katika gombo. Basi akamwita Baruku. Nabii akatamka, naye mwandishi akaandika kwa wino. Mwaka uliofuata, katika mwezi wa tisa, gombo lilisomwa hekaluni mbele ya watu, kisha habari zake zikamfikia mfalme. Mfalme alikuwa ameketi katika nyumba yake ya majira ya baridi, na mbele yake makaa yalikuwa yakiwaka. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Walikuwapo waliomsihi asifanye hivyo, lakini hakuwasikiliza. Gombo zima likateketea.

Hebu, ndugu zangu, jiwekeni mahali pa Baruku. Kazi ya siku nyingi imekuwa majivu. Mkono ungali unauma, na mfalme anawatafuta yeye na nabii wake wakamatwe. Kisha anaambiwa atwae gombo jingine na kuanza upya. Maandiko hayatuelezi alivyojisikia siku ile. Yanatuambia tu kwamba aliandika tena maneno yote yaliyokuwamo katika lile la kwanza, na kwamba yakaongezwa maneno mengine mengi ya namna ile ile.

Neno hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulishike leo: gombo la pili lilikuwa na maneno mengi kuliko la kwanza.

Najua kwamba miongoni mwenu mnaonisikiliza wamo wenye gombo lililokatika. Yuko mwalimu aliyeanza riwaya akaishia sura ya nne. Yuko mama aliyekuwa akitunga mashairi kabla hajaolewa, na madaftari yake yako chini ya nguo za sikukuu. Yuko mzee aliyeanza kuandika historia ya ukoo wake, akasita alipofika mahali penye aibu. Hakuna mfalme aliyezichoma kazi hizo. Tuliziacha wenyewe, siku moja baada ya nyingine, kwa kusema tutarudi kesho.

Nami ni mmoja wenu. Niruhusuni niungame.

Mwaka 1988, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi karibu na Korogwe, nilianza kutunga utenzi juu ya baba yake bibi yangu. Mtu huyo alichukuliwa mwaka 1916, wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipoteremka bonde la mto Pangani, akatwikwa mizigo ya jeshi, wala hakurudi. Wapagazi wa vita ile walikuwa wengi mno, na kwa pande zote mbili waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, ingawa wengi wetu huenda pale kununua vitu bila kulikumbuka jambo hilo. Bibi hakujua hata kama baba yake alibeba mizigo ya Wajerumani au ya Waingereza. Alijua tu kwamba aliondoka asubuhi, naye akiwa mtoto mdogo.

Nilitunga beti 112. Kisha nikapata uhamisho, nikaoa, watoto wakazaliwa, nikaitwa katika utumishi huu wa kanisa, na utenzi ukalala. Kila nilipokwenda kumsalimu, bibi aliniuliza, "Mjukuu wangu, umefika wapi?" Nami nilimjibu, "Nimebakisha kidogo, bibi." Nilimjibu hivyo kwa miaka minne, wala sikuwa nimeongeza hata mshororo mmoja. Mwaka 1994 bibi alifariki. Baada ya mazishi niliyafungia madaftari yale katika sanduku la bati, kwa kuwa kila nilipoyaona nilisikia lile swali lake.

Yalikaa humo hadi mwaka 2022, nilipostaafu. Mjukuu wangu wa kike, katika kutafuta picha za zamani, alilifungua sanduku. Akasoma jioni nzima, kisha akanijia na kuniuliza, "Babu, mbona huyu mtu ameachwa njiani?"

Wapendwa wasikilizaji, sikuwa na jibu. Usiku ule niliyasoma madaftari yale tangu mwanzo. Mchwa walikuwa wamekula pembe, na wino ulikuwa umefifia. Nilitazamia kuona haya kwa ajili ya vina vibovu, na vina vibovu vilikuwamo. Lakini nilichokiona kilikuwa kikubwa zaidi ya hicho. Beti zote 112 zilikuwa za mizinga, tarumbeta na majemadari, mambo ambayo bibi hakunisimulia kamwe, niliyatoa vitabuni. Alichonisimulia nilikikuta pembeni mwa ukurasa mmoja, kwa penseli. Kwamba mama yake, tangu siku ile, kila jioni alipakua chakula cha mumewe, akakifunika kwa kawa, na asubuhi akawagawia watoto. Na kwamba alifanya hivyo mpaka mavuno ya tatu. Chini yake kijana yule, yaani mimi, alikuwa ameandika neno moja: "Haihusu."

Mwaka 2019 nilifiwa na mke wangu. Kwa miezi mingi baada ya hapo nilijikuta kila alfajiri nikitoa vikombe viwili kabatini. Kwa hiyo usiku ule, nilipolisoma neno lile la penseli, nilitambua kwa nini utenzi wangu ulikuwa umekwama. Shughuli zilikuwapo, na uvivu ulikuwapo pia. Lakini nilikuwa nimeandika habari za vita, na bibi alikuwa amenipa habari za kungoja. Kijana wa mwaka 1988 hakujua kungoja ni nini. Hakuweza kuumaliza utenzi ule hata kama angalipewa muda wote wa dunia.

Ndiyo maana nasema, ndugu zangu, kwamba miaka ya ukimya si lazima iwe miaka iliyopotea. Mwandishi wa Nigeria, Chinua Achebe, alitoa riwaya mwaka 1966, wala hakutoa riwaya nyingine hadi mwaka 1987. Katikati ya miaka hiyo 21 nchi yake ilipita katika vita vya Biafra, naye mwenyewe alikuwa ndani yake. Na hapa kwetu Mwalimu Nyerere, ambaye tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari ilikwisha kuchapishwa mwaka 1963, hakuona haya kuirudia. Mwaka 1969 ikatoka tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Ikiwa mkuu wa nchi aliweza kukaa tena mbele ya maneno aliyokwisha kuyamaliza, itakuwaje sisi tushindwe kukaa mbele ya yale tuliyoyaacha nusu? Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Gombo la pili halikurudisha kila kitu. Siku ile mfalme alipopewa nafasi ya kusikia ilikwisha pita. Vivyo hivyo utenzi wangu, hata nikiumaliza, bibi hatausikia. Deni hilo sitalilipa katika dunia hii, na nisingependa mtu yeyote aniondolee uzito wake kwa maneno matamu. Wewe unayenisikiliza, kama yule uliyemwahidi kitabu chako angali hai, nenda kwake leo. Mwambie ukweli: kwamba uliacha, na kwamba unataka kurudi. Na kama yeye ndiye mwenye habari unayoiandika, keti naye umsikilize tena, kwa maana atakayoyaacha pamoja na pumzi yake hutayapata katika kitabu chochote.

Tena, si kila kazi iliyoachwa inatudai. Ziko tulizozianza kwa ajili ya sifa, na ni vema zibaki zilipo. Utaijua inayokudai kwa sababu haikuachi. Unaiweka sandukuni nayo inakufuata shambani.

Kwa mwenye kazi ya namna hiyo, nina maneno matatu yaliyonisaidia. La kwanza, usome yote kabla ya kushika kalamu. Usisahihishe usichokwisha kukisikiliza. La pili, usimdhihaki yule aliyeandika ukiwa kijana. Alikosa mengi, lakini yeye ndiye aliyekuwekea akiba. Hata neno langu la penseli aliliandika yeye, ingawa hakulifahamu. La tatu, usijifunge kuumalizia mwanzo wa zamani kama ulivyokuwa. Nimeziweka kando zile beti 112, nazo nimezihifadhi. Nimeanza upya kwa chakula kilichofunikwa. Naandika nusu saa kila alfajiri, kabla nyumba haijaamka, na siku nyingine ubeti mmoja tu ndio mavuno yangu. Jumamosi humsomea mjukuu wangu. Juzi aliniuliza, "Babu, tumefika wapi?" Kwa mara ya kwanza nilijibu bila kusema uongo. Nikamwambia, "Beti 37."

Wapendwa, Mungu aliyemwamuru Yeremia atwae gombo jingine hakumlaumu kwa lile lililoungua, wala hakumwambia Baruku kwamba kazi ya pili itakuwa nyepesi. Alimpa tu maneno, naye akaandika. Huenda sanduku lako liko chumbani hivi sasa unaponisikiliza. Redio itakapozimwa, lifungue.

Tuombe. Ee Mungu, unayekumbuka waliobeba mizigo wasirudi, na waliofunika chakula wakangoja, utusamehe ahadi tulizozivunja kwa wapendwa wetu. Utupe ujasiri wa kuyasoma tena tuliyoyaacha, na unyenyekevu wa kuyaanza upya. Uwape subira wanaotuuliza tumefika wapi, nasi utujalie kuwajibu kwa kweli. Amina.

Nawatakieni nyote Jumapili yenye amani.