Kalibu Kwanza, Gari Baadaye

Mazungumzo na vijana wa karakana juu ya kutengeneza bodi ya gari kwa faiba



Tumeombwa tuseme juu ya faiba. Kikundi kimepata Volkswagen Beetle ya zamani. Injini ni nzima, chasisi ni nzima, lakini bodi imeliwa na kutu. Basi mmeamua kuitoa na kutengeneza gari dogo la wazi: bonneti, madigadi nne na mbavu mbili za faiba. Ni wazo zuri. Mmetuuliza maswali matatu: Vifaa vinavyotakiwa ni kiasi gani? Kazi inafanywaje? Na je, hakuna njia ya mkato? Tutaanza na hilo la mwisho, maana ndilo mliloliuliza kwa sauti kubwa zaidi.

Njia ya mkato mliyoitaja ni hii. Mwazime gari la mtu mwenye bodi kama hiyo, mpake waksi juu yake, mbandike faiba, mtoe kalibu. Kazi ya miezi miwili iwe ya siku mbili. Sasa sikieni habari ya mtu mmoja.

Gari la namna hii lilianzia California, Marekani. Bruce Meyers alikuwa fundi wa mashua za faiba. Mwaka 1964 alitumia ujuzi ule ule wa mashua akatengeneza gari la kukimbilia kwenye mchanga wa pwani, lenye injini na vyuma vya Beetle. Likaitwa Meyers Manx. Baadaye akauza bodi peke yake, mnunuzi akaifunga mwenyewe juu ya chasisi ya Beetle iliyofupishwa. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Ted Mangels walilikimbiza gari lile la kwanza, jekundu, kupita jangwa la Baja California huko Mexico, wakavunja rekodi iliyokuwa imewekwa kwa pikipiki. Watu wakalitaka kila mahali. Lakini wengine walichukua kalibu juu ya bodi yake, wakauza nakala kwa bei ya chini. Meyers akaenda kortini kutetea haki yake ya uvumbuzi, akashindwa. Kampuni yake ikafungwa mwaka 1971, baada ya kutoa bodi kama 6,000. Meyers alifariki mwaka 2021. Hadi leo watu wanamtaja kwa heshima, lakini faida kubwa ilienda kwa wengine.

Basi, kunyang'anya jasho la mtu ni jambo la kwanza. La pili ni la ufundi. Resini hunywea kidogo inapokauka, kwa hiyo nakala ya nakala huwa ndogo kuliko ya asili, na milango na mashimo ya bolti hayalingani tena. Kila mkwaruzo wa bodi ya mwenyewe utaupata pia. Na anayenakili huchukua sura bila kuchukua sababu. Kwa nini madigadi imeviringwa vile? Si urembo tu. Faiba ikiwa bapa hulegea na kutikisika kama gunzi la daftari. Ikipindwa au ukingo ukikunjwa, hukaza. Fundi aliyechonga umbo lake mwenyewe anajua hayo, na kesho anaweza kutengeneza kitu kingine. Aliyenakili atabaki kutafuta gari lingine la kuazima.

Sasa tuingie kazini. Ninyi mnajua kalibu ya matofali. Kalibu ikiwa na kombo, matofali elfu moja yatakuwa na kombo. Faiba ni hivyo hivyo. Kuna hatua tatu, na hakuna inayorukwa.

Ya kwanza ni umbo la mwanzo. Hili mnalichonga kwa mbao, plasta na fila, sawasawa na madigadi mnayoitaka. Pigeni msasa, pakeni rangi ngumu, pigeni tena msasa wa maji mpaka lite kama kioo. Hapa ndipo miezi miwili itakapokwenda. Hakikisheni pembe zinafunguka kwenda nje kidogo, kama ndoo ilivyo pana juu, la sivyo kipande hakitatoka. Mahali pazuie kutoka, kalibu ifanywe ya vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti.

Ya pili ni kalibu yenyewe. Umbo linapakwa waksi mara tano au sita, mkiacha muda kila mara ikauke kabla ya kuing'arisha. Kisha jelikoti, kisha mati ya faiba na resini, tabaka kwa tabaka. Kalibu iwe na unene mara mbili ya kipande, au zaidi. Kabla ya kuitoa juu ya umbo, bandikeni mbavu za mbao au chuma kwa nyuma ili isijipinde. Iacheni ikae siku kadhaa. Anayeing'oa usiku huo huo atapata kalibu iliyopinda.

Ya tatu ni kipande. Ndani ya kalibu pakeni waksi, halafu jelikoti ya unene wa nusu milimita. Ikiwa nyembamba mno itakunjamana kama ngozi ya mzee. Gusa kwa kidole: ikinata lakini haichafui kidole, endelea. Weka mati ya gramu 300, halafu mbili za gramu 450. Lowesha kwa brashi, kisha pitisha rola ya chuma kutoa hewa. Ukiona doa jeupe, hapo faiba haijalowa au kuna hewa, na jua likipiga bonneti patavimba.

Vifaa ni kiasi gani? Fanyeni hesabu kwa mita moja mraba. Mati hizo tatu ni gramu 1,200. Resini ni mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mati, yaani kilo 2.4 hadi 3. Jelikoti ni kama gramu 600. Hapo mtapata unene unaokaribia milimita tatu. Pimeni umbo lenu kwa utepe, zidisheni, halafu ndipo mwende dukani kuuliza bei. Na msisahau kwamba kalibu inakula mara mbili.

Hadina nayo si ya kukisia. Kilo moja ya resini hutaka gramu 10 hadi 20. Siku ya jua kali tumieni kidogo, lakini isishuke chini ya gramu 10, maana resini haitaiva vizuri kamwe. Afadhali mfanye kazi asubuhi, kivulini, na mchanganye kidogo kidogo.

Hapa tunawaomba mnyamaze na msikie vizuri.

Hadina ni hatari kwa macho. Tone moja laweza kumpofusha mtu. Miwani ya kukinga macho ivaliwe kabla chupa haijafunguliwa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo, dakika 15 bila kukoma, halafu hospitali. Kwa hiyo debe la maji safi liwe karibu kila siku ya kazi. Ikiwa resini yenu inauzwa pamoja na dawa ya kuiharakisha, dawa hiyo na hadina zisikutanishwe kamwe zenyewe kwa zenyewe. Zinaweza kulipuka. Kila moja ichanganywe peke yake na resini. Resini iliyokwisha kuchanganywa ikibaki nyingi kwenye mkebe huchemka yenyewe, hutoa moshi na hata kuwaka. Itoeni nje mbali na vitu, muimwage kwa utandu mwembamba juu ya mchanga. Na sigara? Hapana. Resini na asetoni hushika moto upesi.

Halafu ile harufu kali. Inatoka kwenye styrene iliyomo ndani ya resini. Huleta kichwa kuuma na kizunguzungu, na mwaka 2018 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa puani hakizuii mvuke huo. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya mkaa, na milango iwe wazi pande zote mbili. Mvuke huu ni mzito, hukaa chini, basi watoto wasicheze karakanani. Wakati wa kupiga msasa mkavu, vumbi la glasi nalo lizuiwe kwa barakoa ya vumbi. Kuna mafundi wanaosema wamezoea harufu. Pua ndiyo imezoea. Mapafu hayajazoea, wala ubongo.

Tunajua barakoa, miwani na glavu ni pesa, na kuna wenzenu wanaosema zisubiri gari liuzwe kwanza. Sisi twasema hapana. Ziwe za kwanza kwenye orodha ya manunuzi, kabla ya resini. Mmoja wenu akipoteza jicho, gari hili litakuwa ghali kuliko Mercedes yoyote.

Kitu kingine. Bodi ya faiba ni vazi, siyo mifupa. Haibebi mzigo wa ajali. Mikanda ya viti ifungwe kwenye chuma cha chasisi, isifungwe kwenye faiba hata siku moja. Na kabla ya kuligusa gari zaidi, nendeni kwa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, muulize masharti ya ukaguzi na usajili wa gari lililobadilishwa bodi. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kubomoa baadaye.

Mwisho, swali ambalo hamkuuliza: kalibu ni ya nani?

Gari hili ni moja. Mkiliuza na kugawana, kila mmoja atapata kitu kidogo na hadithi itaishia hapo. Lakini kalibu iliyotunzwa vizuri hutoa madigadi ya kumi na ya ishirini kwa resini na mati tu, kwa siku mbili za kazi. Na mkono uliojua kuchonga umbo utatengeneza bampa ya matatu, kifuniko cha tangi, au kuziba mashua za wavuvi. Kwa hiyo utajiri wenu uko ndani ya kalibu. Tumeona vikundi vilivyovunjika kwa sababu mmoja alihama na chombo cha wote, wengine wakabaki wakilaumiana.

Basi kabla hamjaondoka leo, andikeni mambo matatu kwenye daftari la kikundi na kila mmoja atie sahihi. Kwamba mtachonga umbo lenu wenyewe. Kwamba vifaa vya kujikinga vitanunuliwa kwanza, na asiyevivaa hafanyi kazi siku hiyo. Na kwamba kalibu ni mali ya kikundi: haiuzwi wala kuazimishwa bila mkutano, na itawekwa ndani, mbali na jua, ikiwa imelala vizuri isijipinde.

Wazee mliopo, ninyi muwe mashahidi. Mkipita hapa Jumamosi mkaona kijana anachanganya hadina bila miwani, msimwonee haya. Mrudisheni nyumbani.