Orodha Ibandikwe Ukutani

Wababa na wamama wa Boyoma, Kisangani yetu, orodha za waathirika wa vita wanaodai fidia mmezisikia. Kinachotusumbua ni hiki: orodha juu ya orodha, na mwathirika bado anaambiwa arudi kesho.

Siku sita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana hapa Kisangani, katikati ya watu wasiohusika na ugomvi wao. Siku sita za makombora. Nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa. Katedrali ya Notre-Dame, pale kando ya Mto Congo, nayo haikusalimika. Na waliokufa? Wengine wanasema 244, wengine 760. Marehemu zaidi ya 500 wanaelea kati ya hesabu hizo mbili, na kila mmoja alikuwa na jina.

Katedrali haidaiwi ushahidi. Kila abiria wa toleka, baiskeli zetu za kubeba watu, anaiona. Lakini mama wa komini ya Mangobo mwenye chuma cha kombora pajani, akidai fidia, anaombwa karatasi ya hospitali. Karatasi ipi, na hospitali nazo zilipigwa siku zile zile?

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikata neno Februari 2022: Uganda iilipe Congo dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni za madhara kwa watu, wakiwemo wa kwetu na wa Ituri. Za watu, si za ofisi, si za magari. Na Rwanda? Mwaka 2006 mahakama hiyo hiyo ilisema haina mamlaka juu yake. Tumelisema, tunalisema, tutalisema tena: makombora yalitoka pande mbili, ila aliyeamriwa kulipa ni mmoja.

Basi hicho kidogo cha fidia kisiliwe njiani! Orodha ibandikwe ukutani katika kila komini: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani, Lubunga. Isomwe kwa sauti, mtaa utambue nani ni wake na nani kapenyezwa.

Nanyi mnaotusikiliza, msingoje kuitwa. Nendeni mkasome. Jina la marehemu wako halipo? Dai! Kuna jina ambalo mtaa mzima haulijui? Uliza, tena mbele ya watu! Siku sita zilitosha kutuua. Zaidi ya miaka 20 haijatosha kutuandika? Amkeni, wana Boyoma. Kadaini mchana kweupe!