Kijana wa Kofia ya Buluu

(Maongezi kwa wahitimu wa kisomo)

Ndugu wahitimu, leo tuweke kando kidogo habari za mbolea na pamba. Katika vituo tunavyovipitia swali moja linarudi kila mara. Wazazi wenye vijana jeshini wanauliza: mtoto wetu aliapa kuilinda Tanzania, sasa huko Kongo alikwenda kumlinda nani? Swali hilo ni la haki kabisa.

Kwanza tujue kofia ya buluu ni nini. Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Ukitaka kulinda amani mahali, unaomba askari kwa nchi wanachama. Askari hubaki wa nchi yake, na bendera ya nchi yake huwa begani, ila kichwani huvaa buluu ya Umoja wa Mataifa. Desturi ya zamani ilikuwa kukaa katikati ya wagombanao na kutumia silaha kwa kujihami tu. Kongo desturi hiyo ilishindwa. Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na kofia za buluu zilikuwemo mjini humo humo! Watu walikasirika, na walikuwa na haki.

Basi tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama likaunda kikosi cha namna mpya, chenye ruhusa ya kuwafuata waasi na kuwapiga. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kabla mwaka haujaisha M23 wakashindwa.

Sasa mtazameni kijana mwenyewe. Ni mtoto wa mkulima, ana miaka ishirini na kitu. Yuko kambini porini huko Beni, mvua inanyesha, malaria ipo, usiku ni wa zamu. Jambo moja linamsaidia: lugha. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo, na upande wa mashariki ndiyo lugha ya sokoni. Kijana wetu akimwamkia mama wa Beni, anaitikiwa. Kiswahili chao kina mwendo wake, lakini mtaelewana tu. Na mama yule maisha yake ni kama yetu, ana muhogo na ana watoto. Tofauti ni kwamba akienda shambani hana hakika ya kurudi, maana waasi wa ADF, ambao asili yao ni Uganda, huua wanavijiji hata wakiwa na jembe mkononi.

Hatari hatuifichi. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania penye mto Semuliki ilishambuliwa. Mapigano yalichukua saa nyingi. Watanzania 15 walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa.

Mwaka uliofuata, Novemba 2018, kikosi kiliwaendea ADF karibu na Beni. Wakati huo Ebola ilikuwa imeingia, na mashambulizi ya waasi yaliwazuia waganga kufanya kazi. Katika mapigano hayo Mtanzania mmoja alijeruhiwa vibaya, akalala pale risasi zinapopita. Kijana wa Malawi, Chancy Chitete, askari wa cheo cha chini, alimwona. Hakuwa ndugu yake wala mtu wa nchi yake. Akamvuta hadi mahali penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Hapo ndipo risasi ilipompata yeye, akafa. Mtanzania yule akapona. Mei 2019 mjane wa Chitete alikabidhiwa huko New York nishani yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 kabla hajauawa.

Wengine hutuambia: mbona M23 waliinuka tena, wakaiteka Goma Januari 2025? Si kazi bure hiyo? Sisi hatukubali kuiita bure. Ugomvi wa ardhi, madini na madaraka haumalizwi na bunduki ya kijana wa Tanzania. Hayo ni ya Wakongo wenyewe, majirani zao na wakubwa. Kijana alipewa kazi ndogo kuliko hiyo: leo njia hii ipitike, kesho watu wavune. Watu waliovuna walikula.

Limebaki jambo la karatasi, na hili akina mama hasa walishike. Kijana akiaga kwenda kazi ya namna hii, muulizeni ameandika jina la nani jeshini kuwa mtu wake wa karibu. Jina la mzee aliyekwisha kufa huleta taabu. Umoja wa Mataifa hulipa fidia kwa askari aliyekufa au kulemaa kazini, nayo hupitia serikali yake. Barua yoyote ikifika nyumbani, isomeni wenyewe, neno kwa neno, kabla hamjaweka dole gumba wala sahihi.