Mtoto wa Mbwa Chini ya Turubai

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili)



Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya familia baada ya maafa. Habari za mabati na saruji mmekwisha kuzisoma katika taarifa zetu. Leo naomba niwaeleze habari ya nyumba moja tu, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Tunaikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Yapata saa 9 na nusu alasiri, ardhi ilitetemeka hapa kwetu Kagera kwa ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi zilibomoka au kupata nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda.

Familia ninayoisema ni ya mama mmoja, watoto wake watatu na bibi yao. Ukuta wa nyumba yao uliangukia ndani, wakahamia chini ya turubai, kando ya migomba ya kibanja chao. Wiki chache baadaye mjomba wa watoto aliwaletea mtoto wa mbwa. Wakamwita Tulia.

Haikupita muda, mjumbe mmoja aliniuliza kwa uchungu, "Mratibu, unga wa msaada ni wa watoto au wa mbwa?" Sikumjibu. Niliandika katika daftari langu, "Ifuatiliwe." Ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa nimekwisha kuwahukumu.

Nilikwenda asubuhi bila kutoa taarifa. Nilimkuta kijana wa pili, mwenye miaka minane, akimlisha mbwa mabaki ya ndizi na maji yaliyochemshiwa dagaa. Unga ulikuwa juu, umefungwa vizuri. Bibi alinikaribisha huku akitafuta kandambili yake ya pili. Tulia alikuwa ameitafuna.

Mama akaniambia, "Baba, huyu mtoto tangu siku ile alikuwa halali. Lori likipita barabarani, anakimbia nje. Alianza tena kukojoa kitandani, na shule akawa haendi." Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na mitetemo midogo iliendelea kurudi. Mbwa alipofika, alilia usiku kucha kwa kumtafuta mama yake. Kijana ndiye aliyeamka kumbembeleza: "Tulia, tulia." Asubuhi ilibidi aamke amlishe na kufagia uchafu wake. Akishaamka, mama anampa uji na kumhimiza ajiandae kwenda shule. Hivyo siku ikarudi kuwa na asubuhi na jioni.

Sisemi kwamba mbwa alimponya. Chumba kimoja kilipokwisha kujengwa upya, kijana alikataa kulala ndani. Mama hakumlazimisha. Aliweka boksi la Tulia ndani, karibu na mlango, akauacha mlango wazi, naye akakaa pale pale. Kijana alilala kizingitini siku kadhaa, kisha akasogea ndani kidogo kidogo. Ilichukua wiki nyingi.

Ndugu zangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fomu yetu iliuliza idadi ya mabati, mablanketi na mifuko ya saruji. Haikuwa na mstari hata mmoja wa kuuliza watoto wanalalaje. Mama yule alilijua tatizo na alikuwa akilishughulikia kwa alichonacho, nami nilikwenda kumkagua unga.

Hata hivyo, mbwa ana wajibu wake. Siku ile niliona mikwaruzo ya meno mkononi mwa kijana, na Tulia alikuwa bado hajachanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara huua. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na meno ya mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Kijana tulimpeleka siku ile ile, na Tulia tukamwombea chanjo kwa afisa mifugo. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka.

Ninayo maombi mawili. Kamati za sharika, mnapotembelea kaya, kaeni kwanza, ulizeni usiku unapitaje, ndipo mfungue daftari. Ndugu wafadhili, mkiona katika bajeti zetu fungu dogo la kuwatembelea waathirika baada ya nyumba kukamilika, msilifute. Nyumba huweza kusimama kabla mtu hajawa tayari kulala ndani yake.

Na yule mjumbe aliyeniuliza habari za unga nilimrudia, nikamweleza niliyoyaona. Nilimwomba radhi kwa kunyamaza, na mama yule nilimwomba radhi kwa kumdhania vibaya.